Pingamizi Dhidi ya Kung'arishwa kwa Bastola ya Babu

Al Twar, Dubai
Machi 2007

Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Ukoo, ambaye pia ni mdogo wangu Himid,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo na nyumba nzima haijambo. Mimi ni mzima wa mwili, lakini roho haijatulia tangu kikao cha Ijumaa. Pale mlipitisha, huku mkila halua niliyoinunua mimi, kwamba bastola ya marehemu babu yetu Mzee Shomari ing'arishwe na kutiwa nakshi, ili itangulizwe kwenye sinia siku ya harusi ya mwanao Nassir. Kwa kuwa kibali cha kuihifadhi ni changu, baada ya mtutu wake kuzibwa kwa amri ya polisi, nawasilisha malalamiko yangu kwa heshima zote.

1. Kuhusu rangi. Ndugu wa Maskati wanataka rangi ya fedha, wa Unguja wanataka weusi wa kumeta, na wewe Mwenyekiti unataka dhahabu kwa sababu tuko Dubai. Fundi wa Deira, anayetutengenezea ala za majambia yetu ya khanjar, ameshatuchoka. Kila nikimpigia simu ananiambia, "Arbab, bwana mkubwa, chagua moja, khalas, yaishe!" Ikipakwa dhahabu itafanana na dele la kahawa, na wageni wataikingia vikombe.

2. Kuhusu majina. Kila mjukuu anataka lake lichorwe. Mtutu ule hauzidi kiganja changu, na sisi, Mungu atuzidishie, tunajaza mabasi. Kama ni lazima tuenee sote, nashauri baraza liachane na bastola litafute mzinga. Bandari ya Jebel Ali inapokea kila kitu, mzinga hautaishinda.

3. Kuhusu dada yetu Jalia. Yeye anataka jina la Bibi, tena peke yake. Nilimjibu kwa upole kwamba silaha ni mambo ya wanaume, na kwamba Bibi, Mungu amrehemu, himaya yake ilikuwa jikoni. Jalia alicheka mpaka akakaa chini. Naomba kicheko kile kiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kama utovu wa nidhamu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Fundi anasema kabla ya kupaka rangi yoyote lazima aisugue yote. Himid, unajua kitakachosuguliwa? Mtutu umelika upande mmoja, pamekuwa laini kabisa. Ule ni mkono wa Babu! Anayejua vita ataelewa: risasi zilipomwishia, aliigeuza, akaishika kwa mtutu na kupiga watu kwa kitako. Ndiyo maana kitako kimebonyea kila mahali, na nyufa zake zina umanjano ambao nimewaeleza watoto wote wa ukoo kuwa ni baruti. Kaburi lake liko Unguja, nami sijarudi tangu niondoke kijana. Upweke ukinizidi, naweka vidole vyangu pale palipolika, navyo vinaenea sawasawa. Mkipasugua, mtakuwa mmemzika mara ya pili.

Kwa hiyo nadai isipakwe, isichorwe, isisuguliwe. Baraza likikaidi, nitajifungia nayo chumbani, na bwana harusi atangulizwe na dele lenyewe.

Nisalimie wote waliopiga kura, pamoja na wale walioinua mikono miwili. Mwambie Nassir namwombea ndoa yenye kheri, na mkewe asiwe mcheshi kama shangazi yake Jalia.

Ni mimi kaka yako, mwenye uchungu na adabu,
Msellem, Mtunza Silaha wa Ukoo

Baada ya sahihi: Jalia amepita, nikamsomea barua hii. Aliichukua bastola, akaishika kwa mtutu, kitako chini, akaniuliza kama nimesahau mchi wa kinu cha Bibi ulipovunjika. Tangu hapo, akasema, Bibi aliponda manjano na tangawizi kwa kitako hicho. Babu alikuwa akiiogopa, wala hakuwahi kuishika. Nilibisha. Kisha nikakipangusa kitako kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka manjano, kinanukia mchuzi.

Himid, nimeweka vidole tena pale palipolika. Bado vinaenea.

Mwambie fundi achague rangi aitakayo, ila hapo asipaguse. Achore jina moja tu, la Bibi, Bi Amna binti Idd, na kile kicheko cha Jalia kifutwe kwenye kumbukumbu. Watoto nitawaambia mwenyewe.