Chozi la Roboti wa Mabati

Jumatatu, 9 Juni 2025
Dada Nasrin amefika kutoka Arusha na kamera. Anapiga filamu ya familia hapa Karatu: binti anamfundisha mpira roboti asiye na hisia, timu inashinda, roboti analia kwa furaha. Binti ni Selina. Mwanangu Selina! Roboti ni Patrisi, dereva wa watalii, mtu anayevaa miwani ya jua mpaka kanisani. Nimeumia. Selina hataki kuongozana nami tangu fainali ya shule, nilipoingia uwanjani kumfundisha refa kazi. Roboti atakuwa naye wiki nzima. Lazima roboti niwe mimi!

Jumanne, 10 Juni
Vazi la roboti analichomelea fundi Haji. Nimempelekea chapati za mke wangu Marsela, pamoja na uongo: Nasrin kasema kifua kipunguzwe vidole vinne. Haji akauliza mbona Patrisi ni bonge la mtu. Nikamwambia siku hizi maroboti ni wembamba. Akala, akapunguza.

Jumatano, 11 Juni
Patrisi ameingia nusu, mabega yakagoma. Wamemtoa kwa sabuni! Nikajitolea, kwa unyenyekevu kabisa, kofia ya roboti ikiwa kichwani tayari. Nasrin akashusha pumzi, akasema haya. Selina akauliza kama hakuna mtu mwingine. Nimejifanya sikusikia.
Tatizo dogo. Ndani ya bati hili siwezi kukaa kitako.

Alhamisi, 12 Juni
Mazoezi ya kulia. Mimi ni mwanamume wa Endabash, silii. Nasrin kaniambia nifikirie jambo la huzuni. Nikamfikiria Patrisi katika sabuni. Nikacheka. Patrisi, ambaye sasa anamshikia Nasrin mwavuli, akasema hata bati lenyewe lina huruma kunishinda. Tutaona! Lori la vitunguu limepita likitoka Mang'ola. Nimepata vitatu vyekundu, vikali. Nimevikata, nimevitia kwenye soksi, soksi ndani ya kofia.

Ijumaa, 13 Juni
Sikuwaza kitu kimoja. Leo tulipiga mwanzo wa filamu, roboti akiwa bado hajui hisia. Nimelia tangu saa mbili asubuhi. Nimelia nikitambulishwa, nimelia nikipasha misuli. Mara sita Nasrin kasimamisha kamera, akinikumbusha, Baba Selina, bado hujajifunza! Mama mmoja jukwaani akauliza nani amefariki. Selina alifunika uso kwa jezi, na mpaka chakula cha jioni hajanisemesha. Roho imeniuma kweli.
Nasrin kasema nikiharibu kesho, Patrisi atavaa kofia tu, apigwe picha kuanzia shingoni kwenda juu. Basi soksi ibaki. Kesho kulia ndiyo kazi yenyewe.

Jumamosi, 14 Juni
Bao la mwisho. Selina apige krosi, roboti afunge. Nikakimbia. Bati likafyatuka mgongoni, nikaenda chini, mpira ukanigonga kofia ukaingia wavuni. Uwanja mzima ukacheka. Selina hakucheka. Alikuja mbio, akapiga magoti kwenye vumbi. Alitakiwa aseme, "Sasa umejua furaha." Akasema, "Baba, umeumia?" Mbele ya shule nzima! Nikalia. Nililia mpaka bati likatetemeka. Nasrin akalia, Patrisi akavua miwani. Vitunguu vya Mang'ola hoyee!

Jumapili, 15 Juni
Tumetoka kanisani, Selina kanishika mkono mpaka nyumbani, tukapita mbele ya rafiki zake wote. Njiani akaniambia kuwa jana alfajiri aliitoa ile soksi kofiani, ilikuwa inanuka, na vitunguu akampa mama yake. Kumbe ile kachumbari ya jana! Niliisifia.
Nimelifikiria sana jambo hili. Jibu ni moja tu: ukali ulibaki kwenye bati. Nasrin anarudi Desemba na filamu nyingine. Nimeshamwagiza mtu wa lori gunia zima, na Haji nimemwambia apunguze vidole viwili zaidi.
Macho yananichonyota tena ninapoandika. Bati lile ni hatari. Liko kwa Haji tangu jana.