Inchi Nne za Heshima

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Bi Mshonaji, jirani yangu, mjane kama nilivyo mjane, anakwenda Jumamosi kumtazama dada yake ng'ambo ya mto. Seremala amejitolea kumpeleka kwa pikapu yake. Pikapu ile! Imeinama kama mtu atafutaye sindano. Nami nimekusudia kumposa Bi Mshonaji, na safari hii ndiyo nafasi. Nimemwendea, nikamwomba radhi kwa kuingilia mipango yake, nikamweleza kwamba gari langu la njia mbovu litainuliwa kwa ajili ya mawe ya kivukoni. Akasema ataondoka na atakayetangulia kufika mlangoni. Simlaumu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Gerejini kwa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Nimeomba springi ziinuliwe inchi nne. Akainamisha kichwa, akasema mbili zinatosha sana. Gari likipanda mno, alieleza, ekseli za mbele hulala mshazari. Jointi zake, yaani viungio vyake, hufanya kazi zimepinda, zikalika upesi. Kijana mwenye adabu. Nikamsihi asinionee haya.

"Baba ukisema nne," akajibu, "mimi ni nani?"

Nimeichukua kuwa ni ridhaa ya kitaalamu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Gari limesimama kati ya wenzake kama askofu kati ya mashemasi. Nikikata kona, gurudumu la mbele linagonga. Mkwe aliniuliza kwa upole kama nimesikia. Nimesikia, nikamjibu, huo ni mlio wa nguvu. Mpira unaofunika jointi umepasuka, grisi imetapakaa kwenye rimu. Nimeipangusa kwa leso. Marehemu mke wangu ndiye aliyeitarizi. Namwomba radhi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nilitangulia kufika. Mlango wa gari ulikuwa usawa wa kidevu cha Bi Mshonaji. Seremala, aliyefika nyuma yangu, alimshika mkono mmoja, mimi wa pili. Akapanda kwa jitihada za wagombea wote wawili.

Katikati ya mto nilianza. Nilikuwa nimefikia maneno "kwa umri wangu huu" pale gurudumu lilipogonga, kitu kikalia kama mfupa, gari likagoma. Jointi imevunjika. Ijulikane kwamba maji hayakufika hata mlangoni. Kwa urefu tulishinda.

Seremala alikuwa akitufuata. Alitupita kwenye kina kifupi, akatuvuta kwa kamba hadi ng'ambo. Bi Mshonaji alishuka akiwa ameegemea bega lake. Fedheha! Alipofika chini aligeuka.

"Mwalimu, ulikuwa unasema nini juu ya umri wako?"

Nikajibu kwamba nitamweleza siku nyingine, itakapokuwa rahisi kwake.

"Basi nieleze nikiwa chini. Huko juu sisikii kitu, roho iko mkononi."

Nikamshukuru. Akapanda pikapu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mkwe amefunga ekseli nyingine. Akitazama viatu vyake, amependekeza turudi inchi mbili. Nimemshukuru kwa moyo wote, nikakataa.

Nimeyatafakari sana maneno ya Bi Mshonaji. Maana yake ni dhahiri: kupanda kunamtisha. Kasoro haikuwa urefu wa gari, bali ukosefu wa ngazi. Nimekwenda kwa Seremala, nikamwomba radhi kwa usumbufu wa mtoni, nikaagiza ngazi. Akauliza iwe ndefu kiasi gani.

Nimemsihi asubiri kidogo kabla ya kupima. Mkwe wangu analiinua gari hadi inchi sita.