Jani la Isale Kwenye Simu ya Mektrida

Jumatatu, 1 Desemba

Mchumba wangu Mektrida bado kaninunia. Tangu Pasaka! Kosa lenyewe dogo mno: alishuka Himo na begi lake, nikachelewa kumpokea. Nilikuwa namalizia tovuti ya ofisi, nikajisahau. Kakaa njia panda na mvua ile mpaka jioni. Akasema hatanisubiri tena maishani, akarudi kwenye zahanati yake huko Handeni. Nimemkumbuka mpaka chai inapoa mezani.

Mama anasema dawa ipo. Nikate jani la isale kwenye ua wa kihamba, shamba letu la migomba, nimpe shangazi Dominika alipeleke, maana anayeombwa msamaha kwa isale hakatai. Ushauri mzuri, ila wa zamani. Mimi ni mtengeneza tovuti. Isale yangu itakwenda kwa intaneti.

Jumatano, 3 Desemba

Ukurasa umekamilika. Nimejipongeza kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Jani la isale linashuka polepole kutoka juu mpaka kwenye jina lake. Theluji inaanguka kileleni mwa mlima wetu. Kengele ya misheni ya Kilema inalia. Saa inahesabu siku za kufika Krismasi. Kila kimoja kina skripti yake, yaani yale maagizo yanayofanya vitu vicheze kwenye ukurasa. Ya tano ni ya siri: itanijulisha akifungua.

Kwenye kompyuta ya ofisini, Moshi mjini, unafunguka kufumba na kufumbua. Nimemtumia. Nimekaa na simu mapajani siku nzima. Hakuna taarifa.

Alhamisi, 4 Desemba

Aibu. Mdogo wake, Gladness, kanipigia. Anasema dada yake kapokea ukurasa mweupe. Kautazama mpaka bando likaisha. Anauliza, Melkior, ni mtu gani anaomba msamaha kwa karatasi tupu, tena kwa kumsubirisha yuleyule aliyemsubirisha Pasaka.

Jesse, tunayekaa naye meza moja ofisini, kasikia yote. Kasema tatizo ni skripti: simu inahangaika nazo zote kwanza ndipo ionyeshe kitu. Nipime, niondoe moja moja, nione ipi inachelewesha. Nikamwambia tatizo ni mtandao wa Handeni. Akacheka, halafu akauliza kama Mektrida anakuja Krismasi. Anauliza ili iweje? Huyu jamaa simwelewi.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimepima. Si kwa sababu Jesse kasema. Nimekaa jikoni na simu ya mama, ya bei rahisi kama ya Mektrida, mama akimenya ndizi za mtori. Skripti zote zikiwepo, kamaliza mkungu mzima, ukurasa bado mweupe. Nikaondoa theluji: nusu mkungu. Nikaondoa kengele na saa: chana nne. Mama akauliza ndizi zote hizi atakula nani. Nikaondoa ile ya siri, na kumbe ndiyo mchawi mwenyewe, inapiga hodi kwenye kompyuta ya mbali na ukurasa mzima unangoja ijibiwe. Ndizi moja. Nikaondoa na jani linaloshuka. Kisu hakijagusa ganda, umefunguka.

Imebaki picha ya ua wetu wa masale na maneno mawili: Mektrida, nisamehe. Mama kaishika simu muda mrefu. Akasema masale hayo aliyapanda marehemu baba. Mimi naona ukurasa uko uchi. Nimeutuma hivyohivyo kwa uchungu. Sasa sina hata njia ya kujua kama kaufungua.

Jumapili, 7 Desemba

Misa ya kwanza. Mahubiri sikuyasikia. Benchi la mbele, upande wa kwaya, alikuwa akikaa Mektrida na kitenge chake cha kijani, akiimba sauti ya pili. Leo kakaa mtu mwingine. Nimelitazama benchi lile mpaka nikasahau kupiga magoti. Natamani hata anigombeze, mradi niisikie sauti yake.

Jioni, ujumbe. Ukurasa umefunguka mara moja. Anasema isale haikataliwi, hata ikija kwa simu, ila anataka jani lenyewe, mkononi, Himo, Jumamosi tarehe 20, saa sita mchana. Kaongeza kwamba hatasubiri. Nimelia kidogo. Mama kasema ni moshi wa jikoni, nikakubali.

Jumamosi, 20 Desemba

Jani nimelikata na umande wake. Shati limepigwa pasi. Bodaboda yuko nje. Muda upo wa kutosha.

Ila nimewaza. Akiwa kwenye basi ataufungua tena ule ukurasa, aone picha imeganda tu, aseme Melkior kaishia hapo. Nimerudisha skripti moja, ya jani kushuka. Moja haina madhara. Na ile ya siri, maana bila hiyo nitajuaje? Najaribu kwenye simu ya mama. Mweupe. Mama kaanza kumenya ndizi bila kuombwa.

Bodaboda kachoka, kaondoka. Saa sita kamili Mektrida kaandika kwamba kashafika Himo. Anasema na Jesse yupo, kaja kumpokea mama yake mdogo, na begi la Mektrida kalishika yeye. Nimemjibu avumilie kidogo tu, afungue ule ukurasa wakati nakuja, atafurahi. Jani limeanza kunyauka hapa mezani. Mama yuko kwenye chana ya tatu.