Ombi la Kupunguza Hewa Ibaki Aina Mbili

Kwa Mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa,
Ghorofa ya Tatu, Jengo Lenye Dishi Juu ya Paa.

Mheshimiwa Mkuu,

KUHUSU: HEWA KUBADILISHWA KABLA YA MTIHANI WA MARUDIO

Salamu nyingi kwako na kwa watumishi wote, hasa yule mama wa mapokezi aliyenishauri jana niandike barua badala ya kumpigia kelele. Mimi ni fundi wa matairi, barabara ya nyuma ya jengo lenu. Watu huniita Fundi Upepo. Gari lako la kijivu, lile ambalo tairi lake la nyuma hupungua kila Jumatatu, nalijaza mimi. Kwa hiyo tuzungumze kama watu wa kazi moja, wewe wa hewa ya juu na mimi wa hewa ya chini.

Shida yangu ni hii. Mke wangu alikatishwa masomo akiwa binti, na mwaka huu amerudi shule, darasa la watu wazima. Kwa furaha nilimtengenezea kiti cha kusomea kwa tairi la lori, nikakiweka mlangoni mwa karakana penye mwanga. Kila mchana alikaa pale na kitabu magotini, nami nikifungua nati huku kichwa kimenivimba kwa fahari. Siku moja akaniuliza hewa ina nini ndani yake na imegawanyika vipi. Mimi, mtu wa miaka ishirini na miwili kwenye kompresa, niulizwe habari za hewa! Nilimjibu bila hata kuinua macho: hewa ni aina mbili, ya gari dogo na ya lori.

Akaandika hivyo hivyo kwenye mtihani. Mwalimu akampa sifuri, tena akalisoma jibu mbele ya darasa zima. Sasa vitabu vimefungwa kwenye mfuko, mfuko uko juu ya kabati, na yeye anasema shule basi. Hajanigombeza. Ananipakulia chakula, ananiuliza habari za kazi, lakini kile kiti hakikalii tena. Mheshimiwa, afadhali angenigombeza.

Marudio ni baada ya wiki tatu. Nimekuna kichwa nikaona njia ni mbili tu: nimwombe msamaha, au hewa ibadilishwe ili jibu lake liwe sahihi. Hii ya pili naiona nyepesi zaidi. Basi alipokwenda sokoni nilikishusha kitabu chake, nikakisoma, nikakirudisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nitrojeni. Kitabu kinasema katika kila sehemu mia za hewa, sabini na nane ni nitrojeni. Tunaivuta, tunaitoa, haijafanya lolote. Karakana yangu ina watu wanne. Watatu wangekuwa wanaingia asubuhi na kutoka jioni bila kushika spana, ningewafukuza wote. Oksijeni ni ishirini na moja tu na ndiyo inayotuweka hai. Naomba nitrojeni iachishwe kazi na nafasi zote ipewe oksijeni.

2. Argoni. Inakaribia sehemu moja katika mia, haiungani na yeyote, haina habari na mtu. Huyo ni shemeji yangu mtupu. Tayari ninaye mmoja kwenye kochi.

3. Kaboni dioksidi. Ukigawa hewa sehemu elfu kumi, yenyewe inapata nne na ushee. Nilitaka kulalamika kwamba kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kuleta joto lote linalosemwa, kisha nikakumbuka jibu langu lilikuwa maneno mangapi, na limeharibu nyumba nzima. Lalamiko nimelifuta, namba nimeiacha.

4. Matabaka. Ni matano, na sijui nani aliyaomba: troposfia, stratosfia, mesosfia, themosfia, eksosfia. Kazi nayo haikugawanywa kwa haki. Mawingu, mvua, radi na vumbi vyote vimerundikwa troposfia, la chini kabisa, tunakoanika nguo. Stratosfia juu yetu kumetulia tuli. Naomba mvua ihamishiwe tabaka moja juu, angalau siku za kufua.

5. Joto. Troposfia ukipanda, baridi inazidi. Sawa. Stratosfia joto linapanda tena, eti ozoni inakamata miale ya jua. Mesosfia linashuka mpaka baridi ya kupita kote. Themosfia linaweza kupita nyuzi elfu moja, na kitabu hicho hicho kinasema huko bado ungeganda, kwa sababu chembe za hewa ziko mbali mno moja na nyingine. Mteja akiniletea geji inayosoma namna hiyo, naitupa.

6. Eksosfia haina mwisho. Inafifia kidogo kidogo tu mpaka hakuna kitu. Nilisoma sehemu hiyo nimekaa kwenye kile kiti cha tairi, nikafikiria jambo linalofifia bila mtu kugombana, na sikulipenda hata kidogo.

Kwa hiyo naomba matabaka yabaki mawili. La chini, ambalo kitabu chenyewe kinakiri limebeba karibu robo tatu ya hewa yote, liitwe Hewa ya Lori. Yote ya juu, yenye mgandamizo mdogo, yaitwe Hewa ya Gari Dogo. Utaona mke wangu hakukosea, aliwahi tu. Kama kikwazo ni vifaa, kompresa yangu iko tayari, na mpira wa kupitishia upepo ninao mita thelathini. Ukipungua tutaunga.

Nisalimie dereva wako, mama wa mapokezi, na watumishi wa ghorofa zote mpaka ile ya juu inakofifia.

Ni mimi mwenzako katika hewa,
Fundi Upepo.

N.B. Mheshimiwa, barua hii usiifanyie kazi. Nilikwenda kutafuta bahasha, mke wangu akaikuta mezani. Alicheka mpaka akashika mlango, na sijamsikia akicheka hivyo tangu ile sifuri. Kisha akakunja uso, akasema wewe baba hujui unachoomba: bila nitrojeni ya kuizimua oksijeni, cheche moja ya jirani anayechomelea mageti ingeteketeza karakana, matairi na kaka yake juu ya kochi. Akapanda kigoda, akashusha mfuko, akafungua kitabu kunionyesha nilipokosea, lalamiko moja baada ya jingine. Ndiyo maana unaona wino mwekundu. Amenipa nne kati ya kumi. Msamaha pia nimeomba, na haukuchukua hata dakika moja.

Sasa hivi yuko nje kwenye kiti chake, anayataja matabaka yote matano amefumba macho, kwenda na kurudi. Nakusihi sana, hewa iacheni kama ilivyo, msiguse hata argoni. Ameshaikariri yote, na mkibadilisha sasa mtamfelisha.