Amri ya Kufuta Kiu

Wizara ya Maji na Jasho ina furaha kuwatangazia wananchi kwamba kuanzia Jumatatu kiu imefutwa rasmi. Atakayekutwa nayo atachukuliwa hatua. Na kwa kuwa wageni ndio waenezaji wakuu wa kiu, ni marufuku kumpa mgeni maji.

Tangazo hilo niliandika mimi, na sioni aibu. Mwaka ule wa 2071 mvua ilikuwa haijaripoti kazini kwa misimu minne, na watumishi tulilipwa kivuli. Waziri alikuwa na mti mzima. Mimi, katibu wa msafara, nilikuwa na kivuli cha nguzo ya umeme, nacho adhuhuri kilikatwa.

Tukatumwa Bangsobgo, kaskazini kwa Wamosi, kukifunga kwa lakiri kisima cha mwisho chenye maji. Maji yake yalitakiwa haraka Ouagadougou, kwenye chemchemi ya mapambo ya Wizara, ile inayoyarusha juu kuwahimiza wananchi wayabane. Kiongozi wetu alikuwa Mkaguzi Mkuu Lassina Toe, Msamo mnene, kabila lililo watani wa Wamosi tangu jadi, mwenye mihuri minne mfukoni.

Mlinzi wa kisima alikuwa mjane, Mama Pugbila. Nyumba arobaini zilikitegemea. Kikifungwa, kijiji kinahama. Alitusalimu kwa kirefu, akatutandikia mkeka. Toe akakunjua karatasi. Mama akainua mkono.

"Mtani, hujanywa."

Kwa Wamosi mgeni haulizwi kilichomleta, wala hasikilizwi, mpaka anywe maji ya mwenyeji, yale ya unga wa uwele. Asiyekunywa bado yuko njiani, hata kama amekukalia mkeka. Na amri ya kufunga kisima haishiki mpaka mlinzi wake asomewe, atie dole gumba.

"Basi nipe maji, mama."

"Marufuku. Redio imesema. Ila nyie Wasamo, watumwa wetu wa tangu zamani, mmeanza lini kuogopa redio?"

Toe naye akajibu kwamba Wamosi walifundishwa na babu zake hata kuvaa suruali. Tukacheka sote. Kisha tukakaa sote mkekani, siku mbili. Maji ya msafara Toe alikwisha kuyamaliza kwa kunawa uso, aonekane mwenye mamlaka.

Kibali maalumu cha kumpa mgeni maji kilikuwepo, lakini huombwa na mwenyeji, akieleza mgeni amefuata nini. Mama alisema angekijaza kwa moyo mmoja, ila hajui, hajaambiwa.

Siku ya tatu, midomo imempasuka, Toe akaomba kalamu. Mkaguzi Mkuu akiwa kazini aweza kutengua amri yoyote. Nikamkumbusha kwamba marufuku ya maji na kufungwa kwa kisima vimo katika amri moja. Niliviunganisha mwenyewe ili kubana wino.

"Tengua yote, wee mtu," akasema, na kugonga mihuri yote minne.

Akanywa kibuyu, akanywa cha pili. Cha tatu akanigawia.

"Haya, mtani," Mama akasema, "sasa nakusikia. Umefuata nini?"

Toe akanitazama. Mimi nikaitazama karatasi. Hatukuwa tumefuata kitu.

"Kusalimia, mama," Toe akasema.

Waziri alikasirika. Akairudisha amri ile ile, kali zaidi, akaileta Bangsobgo mwenyewe, nyuma yake tangi zima la maji. Anakunywa kutwa, kiu haimgusi. Lakini maji ya tangi si ya mwenyeji. Tangu juzi anasoma amri kwa sauti kubwa, na Mama Pugbila, kwa heshima zote, anamngoja afike.