Kofia Iliyotuliza Redio

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Mifuko sitini ya saruji, ghorofa ya tatu, kwa ngazi. Mgongo unanidai talaka. Mtunza stoo anaacha kazi Ijumaa, na Nyapara atachagua mwingine. Stoo ina kivuli, kiti na funguo! Mpinzani wangu ni mmoja: Profesa, anayelala kitanda cha juu yangu na kunidondoshea makombo huku akisoma. Mimi niliishia darasa la sita. Lakini nimeshampigia simu mke wangu huko nyumbani, nimemwambia kazi ya stoo nimeipata. Kapiga vigelegele. Sasa sina pa kurudi.

Jumanne, tarehe 5
Akili haihitaji cheti! Misumari ya leo ilifungwa kwa ukurasa wa kitabu cha sayansi. Nimeusoma chooni mara tatu. Kumbe redio ilianza na cheche tu. Mtu alirusha cheche upande huu wa chumba, waya upande wa pili ukaitikia bila kuguswa. Cheche hutikisa mawimbi yasiyoonekana, waya huyanasa. Basi! Chini ukurasa umechanika, lakini nilichotaka nimekipata. Binamu yangu ndiye mchomeleaji wa hapa, na kila akianza kuchomelea, redio ya Nyapara hukwaruza. Nyapara, mtu asiyekosa mpira wa saa kumi hata ghorofa likianguka, hajui kwa nini. Nimepatana na Binamu: nikivua kofia, achomelee, nikivaa, aache. Kaniita mwehu, kisha akataka nimfulie ovaroli wiki nzima. Ndugu huyo!

Jumatano, tarehe 6
Ushindi! Mpira umeanza, nikasimama mlangoni pa ofisi, nikavua kofia. Redio ikachacharika kama mafuta ya kukaangia. Nyapara akaizaba kofi, akamtukana aliyeibuni. Nikasema kwa upole, bosi, niachie mimi. Nikafungua mgongo wa redio, nikagusa waya, nikapuliza, nikavaa kofia. Mtangazaji huyo, safi kabisa! Nyapara kaniita fundi. Mbele za watu! Kasema Ijumaa nifuate funguo baada ya mpira.

Alhamisi, tarehe 7
Nimewapa wenzangu mhadhara bwenini. Profesa akauliza mawimbi hayo hupita ndani ya nini mpaka yafike. Nikamjibu hupita ndani ya wenye akili, ndiyo maana yeye hayajui. Bweni zima hoi kwa kicheko. Profesa hakucheka, alikuwa anasoma kikaratasi. Nimefua ovaroli tatu. Binamu kaongeza ya rafiki yake.

Ijumaa, tarehe 8
Sitaki kuandika. Naandika. Nyapara kanikalisha ofisini, karibu na dirisha, tusikilize pamoja. Heshima gani hiyo! Dakika za mwisho, timu yake ikapata penalti. Ndipo akanitazama kichwani. Akasema hapa ni ofisini, fundi, vua kofia, kuwa na adabu. Nikavua. Chrrrr! Nikavaa, mtangazaji akasema mpigaji anarudi nyuma. Nyapara akafoka, we, si nimesema vua? Nikavua. Chrrrr! Penalti ikapigwa, hatujui ilikwenda wapi. Nyapara akaitazama kofia yangu. Akaivaa yeye. Mtangazaji huyo! Akaivua. Chrrrr! Si mjinga kama nilivyodhani. Ni mjinga nusu.

Nusu nyingine kaijaza Profesa. Akabisha hodi na kikaratasi chake. Skrubu zake zilifungwa kwa kipande cha chini cha ukurasa wangu! Kimeandikwa kwamba cheche hazichagui, huvuruga kila redio ya jirani, ndiyo maana mitambo ya redio iliziacha. Akanyoosha kidole dirishani. Binamu, mtiifu, alikuwa ameshachomelea koleo kwenye toroli.

Funguo kapewa Profesa. Mimi mifuko themanini.

Jumapili, tarehe 10
Mke wangu anataka picha yangu nimeshika funguo. Binamu anataka ovaroli zake, eti mapatano ni mapatano. Profesa anataka nisaini kabla ya kuchukua koleo. Koleo!

Lakini nimeokota ukurasa mwingine. Radi nayo ni cheche, tena kubwa. Ikipiga mbali, redio hukwaruza kabla hata ngurumo haijasikika. Na Nyapara anaogopa mvua kwenye zege bichi kuliko kifo. Kesho namwambia mimi hutabiri mvua. Mke wangu nimemwahidi picha Ijumaa.

Kipande cha chini kimechanika. Haidhuru. La maana huwa juu.