Dakika Kumi na Tano Hadi kwa Wakwe

Jumatano, 6 Agosti
Jumamosi tunaenda Embu kumposa Eunice. Baba yake, Mzee Mwaniki wa mtaa wa Dallas pale Embu, ametuma neno: nimeshachelewa mara mbili, nikichelewa tena nisijisumbue kugonga geti. Mtu mgumu! Binamu yangu Naftaly amejitolea kutubeba na Probox yake, tuondoke alfajiri. Anapenda kuonekana, huyo. Nimeingia kwa simu. Kuna tovuti inapima muda wa safari ya ndege kati ya viwanja viwili. Nikaandika Mitunguu, kiwanja cha hapa kwetu Meru, nikaandika Embu. Dakika kumi na tano! Na sisi miaka yote tunazunguka kona za barabara ya Chuka kama wajinga.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwambia Naftaly awabebe wazee, mimi nitapaa. Amecheka hadi akashika ukuta. Eti ni ndege ya kampuni gani? Wivu tu! Nikamwambia hakuna mtu hupima safari ambayo haipo. Nimempigia Eunice pia. Aliniomba tafadhali nipande gari na wengine. Watu wa Embu wanaogopa sana ndege. Mzee Muthamia, msemaji wetu, ameniachia kifurushi cha miraa ya wakwe, kimefungwa vizuri kwa majani ya ndizi. Bila hicho hakuna mazungumzo. Nimemwahidi kitafika kibichi kuliko kilivyokatwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilifika Mitunguu na suti. Hakuna kaunta. Hakuna ndege. Kuna ng'ombe! Mama aliyekuwa akiwachunga aliniuliza kama nimekuja mnada. Nikamwuliza ndege ya Embu ni saa ngapi. Akanitazama kwa huruma, akanipa ndizi. Nikangoja. Pengine imechelewa! Jua likawaka. Nilipoenda kando kumpigia Naftaly, ng'ombe mmoja alimaliza majani ya ndizi akaingia kwa miraa. Naftaly alisema wameketi kwa wakwe tangu asubuhi, Mzee Mwaniki anauliza kifurushi kiko wapi, na Eunice analia jikoni. Hapo moyo uliniuma kweli. Nampenda huyo msichana.

Jumapili, 10 Agosti
Mzee Muthamia amekataa salamu yangu kanisani, mbele ya watu. Lakini Eunice ameniokoa! Alimwambia baba yake kwamba mwanamume anayeweza kungoja siku nzima ndege isiyokuja hawezi kumkimbia mke. Mzee Mwaniki alicheka hadi akakohoa. Amesema basi watakuja wao Meru Jumamosi, waone kama nyumba ninayo au nayo pia ni ya kwenye simu. Watafika saa sita na wanataka kukuta chakula mezani. Hii ndiyo nafasi ya mwisho.

Ijumaa, 15 Agosti
Kesho ndiyo kesho. Mama anataka mbuzi achinjwe alfajiri, na Naftaly, bila kuulizwa, ameanza kunoa kisu. Huyo lazima aharakishe kila kitu! Nimewaambia watulie, walale hadi jua litoke, hakuna haja ya kumgusa mbuzi kabla wageni hawajapiga hodi. Nimeangalia video. Mbuzi mzima, kuanzia kuchinja hadi sahanini: dakika tisa.